Rasilimali au Amana? Kumbukumbu za Askari wa Zamani na Uzito wa Istilahi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika methali hiyo mali ni kitu kimoja na daftari ni kitu kingine: mali ndiyo ilindwayo, na daftari ndilo mlinzi wake. Katika miaka ya karibuni umeingia katika nyaraka za serikali nyingi usemi unaougeuza mpango huo. Daftari lenyewe sasa limeitwa mali. Husemwa kwamba data ni rasilimali ya kimkakati. Na mfasiri aliyepewa waraka wa namna hiyo hana budi kuyaandika maneno hayo kwa Kiswahili, kama vile mtumishi wa serikali atakayeusoma hana budi kuyatekeleza.

Hatukusudii katika makala haya kuwalaumu waliofasiri hivyo, maana tafsiri yao ni sahihi. Tunalokusudia ni kulipima neno rasilimali kwa historia, tuone linabeba nini na linaacha nini. Kwa kazi hiyo tumechagua mfano mmoja, yaani kumbukumbu za askari wa zamani nchini Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchini humo ambako fikira hiyo ya data kuwa rasilimali imewekewa sheria. Pili, kazi ya kuwalipa na kuwatibu askari wa zamani ni kazi ambayo bila kumbukumbu haifanyiki hata siku moja: askari asiyeonekana katika maandishi ni kama hakupigana. Jambo hilo si geni kwetu, na kabla ya kumaliza tutarudi nyumbani, Kariakoo, ili tuone kwa nini.

Maneno yenyewe

Tuanze na maneno. Takwimu ni hesabu zilizokusanywa na kupangwa. Hapo zamani neno hilo lilitumika pia kwa maana ya kalenda. Data ni pana zaidi: ni kila kipande cha habari kilichoandikwa, kiwe tarakimu, jina, tarehe au picha ya mfupa uliovunjika, kabla hakijafasiriwa. Kumbukumbu ni neno letu wenyewe, nalo lina sifa ambayo lugha nyingi zingelionea wivu, kwani linataja kwa pamoja yale yaliyomo katika jalada na yale yaliyomo kichwani mwa mtu. Sifa hiyo, kama tutakavyoona, imewahi kuamua kama mjane atakula au atalala njaa.

Kuhusu watu wenyewe, wengine huandika askari wastaafu. Neno hilo halitoshi, maana mstaafu ni aliyemaliza muda wake wa utumishi, ilhali wengi wa watu hawa walitumikia miaka miwili au mitatu tu. Wakongwe wa vita nalo lina walakini, kwani kijana wa miaka 25 aliyerudi vitani hawi mkongwe. Sisi tutatumia askari wa zamani.

Rasilimali tumeipata kutoka Kiarabu, ikiwa na maana ya kichwa cha mali, yaani fedha ambayo mfanyabiashara huanzia biashara yake na kutarajia faida. Amana nayo ni ya asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa imani, amini na amani. Amana ni mali ya mtu mwingine iliyowekwa mikononi mwako. Tofauti ya maneno haya mawili si ya thamani, kwa kuwa amana yaweza kuwa na thamani kubwa kuliko rasilimali. Tofauti ni ya mwenyewe: rasilimali ni ya anayeitumia, amana ni ya aliyeiweka.

Mjane na jina la mumewe

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza mwaka 1861 na kumalizika mwaka 1865. Mwaka 1862 Bunge lilipitisha sheria ya pensheni kwa askari waliolemazwa na kwa wajane na yatima wa waliokufa. Ili kulipwa, mdai alitakiwa athibitishe kwamba askari aliandikishwa, kwamba madhara yalimpata kazini, na, kama ni mjane, kwamba ndoa ilikuwa ndoa.

Kwa mwenye cheti hayo yalikuwa mepesi. Lakini askari weusi wapatao 179,000 walipigana katika jeshi la serikali, na wengi wao walitoka utumwani. Sheria za utumwa hazikuitambua ndoa ya mtumwa, kwa hiyo cheti hakikuwapo. Hata jina la mtu lilikuwa na mashaka: mmoja aliandikishwa kwa jina la bwana wake, na baada ya uhuru akachukua jina la baba yake. Mwaka 1864 Bunge lilikubali kwamba mjane wa askari mweusi aweze kuthibitisha ndoa yake kwa ushahidi wa watu badala ya karatasi. Majirani wakaja wakaapa, karani akaandika, na kumbukumbu ya kichwani ikageuka kumbukumbu ya jaladani.

Mfano ulio maarufu ni wa Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwani mwaka 1849 na kurudi mara nyingi kuwatorosha wengine. Mumewe wa pili, aliyekuwa askari, alifariki mwaka 1888. Tubman alipodai pensheni ya ujane alikuta kwamba yeye alimjua mumewe kwa jina la Nelson Davis, bali jeshi lilimjua kwa jina la Nelson Charles. Ilimpasa athibitishe kwamba majina hayo mawili yalikuwa ya mtu mmoja. Ilipofika mwaka 1895 ndipo alipoanza kupewa dola 8 kwa mwezi. Mwaka 1899 Bunge likaziongeza hadi 20. Miaka ikapita mtu akingoja mistari miwili ya maandishi ikutane.

Kadi na ghorofa

Ugumu huo haukuwa wa Tubman peke yake. Maandishi ya jeshi yalikuwa yamepangwa kwa vikosi, si kwa watu. Karani aliyetaka kujua habari za askari mmoja alilazimika kupekua orodha za kikosi chake za kila mwezi, za hospitali na za wafungwa, karatasi ambazo kwa kushikwashikwa zilikuwa zimeanza kuchanika. Jeshi lilikuwa limeandika kwa mahitaji yake lenyewe: kujua kikosi kina watu wangapi wa kulishwa na kulipwa. Kwa kazi hiyo mpango ulifaa. Haukufaa kwa askari aliyetaka kuulizia nafsi yake.

Katika miaka ya 1880 kazi hiyo alipewa Kapteni Fred C. Ainsworth, daktari wa jeshi. Aliamuru kwamba kila mahali jina la askari lilipotokea katika orodha yoyote, habari hiyo inakiliwe katika kadi yake, na kadi zote za mtu mmoja ziwekwe katika bahasha moja yenye jina lake. Huenda likaonekana jambo dogo, lakini kwa maoni yetu ndipo yalipotokea mapinduzi makubwa kuliko yale ya kompyuta. Habari ileile, bila kuongezwa hata neno moja, iliacha kuwa ya kikosi ikawa ya mtu. Majibu yaliyochukua muda mrefu yakaanza kutoka upesi.

Hata hivyo makarani waliofanya kazi hiyo walilipia gharama yake. Ofisi yao mojawapo katika mji wa Washington ilikuwa katika jengo lililokuwa zamani jumba la michezo la Ford, palepale Rais Abraham Lincoln alipopigwa risasi mwaka 1865. Tarehe 9 Juni, 1893, wakati mafundi wakichimba chini ya jengo, ghorofa ziliporomoka wakati wa kazi. Makarani 22 walikufa na wengi wengine wakajeruhiwa. Mwaka huohuo watu karibu milioni moja walikuwa wakipokea pensheni, na malipo yao yalichukua zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya serikali kuu. Taifa lilitumia fedha nyingi kiasi hicho kulipa, lakini jengo la kutunzia sababu za kulipa halikuwa imara.

Moto wa St. Louis

Mwaka 1930 ofisi tatu zilizoshughulikia askari wa zamani ziliunganishwa kuwa chombo kimoja cha serikali, na chombo hicho kikawa wizara kamili mwaka 1989. Lakini majalada ya utumishi jeshini yalihifadhiwa kwingine, katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi huko St. Louis, Missouri. Usiku wa tarehe 12 Julai, 1973, ghorofa ya sita ya kituo hicho ilishika moto. Hapakuwa na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto mahali majalada yalipokuwa. Moto uliendelea kwa siku kadhaa.

Majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Kwa askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, hasara ilikuwa yapata asilimia 80. Kwa sehemu kubwa ya wanaanga waliotoka kati ya mwaka 1947 na 1964, ilikuwa yapata asilimia 75. Majalada hayo hayakuwa na nakala, hayakupigwa picha za filamu, wala hapakuwa na orodha kamili ya kuonyesha ni ya nani. Kwa hiyo haikujulikana tu yaliyopotea. Haikujulikana hata kwamba yamepotea, mpaka mwenyewe alipokuja kudai.

Kilichookoa wengi ni kwamba maandishi mengine yalikuwa yametawanyika. Hati za malipo zilikuwa mahali pengine. Majalada ya madai yalikuwa katika ofisi za askari wa zamani. Na askari mwenyewe, kama alikuwa mwangalifu, alikuwa na karatasi yake ya kuachishwa kazi ndani ya sanduku nyumbani. Kwa vipande hivyo watumishi walianza kuyajenga upya majalada, kazi iliyoendelea kwa makumi ya miaka. Tunaona basi kwamba aliyepewa nakala ya habari zake aliweza kuisaidia serikali iliyozipoteza.

Kompyuta na tamaa ya hesabu

Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari na wataalamu wachache katika hospitali za askari wa zamani walianza kuandika programu zao wenyewe za kutunza habari za wagonjwa. Mwanzoni makao makuu yaliwapinga, yakitaka kila kitu kitoke juu. Kufikia mwaka 1982 yalikubali, na mpango huo ukaenea katika hospitali zote. Katika miaka ya 1990 muuguzi mmoja wa Topeka, Kansas, aliona jinsi kampuni ya kukodisha magari ilivyopokea gari kwa kusoma alama za mistari kwa mashine, akauliza kwa nini dawa na mkono wa mgonjwa visisomwe hivyohivyo kabla ya dawa kutolewa. Jambo hilo likawa desturi ya hospitali zote za wizara. Hapa data ilikuwa rasilimali kwa maana yake njema: ilizaa faida, na faida ilimrudia mgonjwa.

Lakini karatasi hazikwisha. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa wizara aliripoti kwamba katika ofisi ya Winston-Salem, North Carolina, majalada ya madai yapatayo 37,000 yalikuwa yamerundikwa juu ya makabati kwa kukosa nafasi, na uzito wake ulihatarisha sakafu ya jengo. Msomaji hatakosa kukumbuka Washington ya mwaka 1893. Mwezi Machi 2013 madai yaliyopita siku 125 bila kuamuliwa yalizidi 600,000.

Wepesi wa kompyuta nao ulileta hatari yake. Mwezi Mei 2006 wezi walivunja nyumba ya mtumishi aliyekuwa amechukua kazi nyumbani, wakaiba kompyuta mpakato na diski yenye majina, tarehe za kuzaliwa na namba za utambulisho za watu wapatao milioni 26.5. Vifaa vilipatikana mwezi uliofuata, lakini fundisho lilibaki. Karatasi za watu milioni 26 haziibiki kwa mkono mmoja. Data yao huibika.

Hatari kubwa zaidi ilidhihirika mwaka 2014. Wizara ilikuwa imeweka lengo kwamba mgonjwa aonwe na daktari ndani ya siku 14, na viongozi wa hospitali walipimwa kwa lengo hilo. Ikagunduliwa huko Phoenix, Arizona, kwamba wagonjwa wengi waliwekwa katika orodha zisizo rasmi ili hesabu rasmi zipendeze. Waziri Eric Shinseki alijiuzulu tarehe 30 Mei mwaka huo. Tukio hili hutufaa sana katika mjadala wetu. Data ya Phoenix haikuungua wala haikuibwa. Ilikuwa ikithaminiwa sana, lakini kama mali ya ofisi, ya kuiletea ofisi sifa. Mgonjwa aliyekuwa ndani yake alisahauliwa.

Sheria na pengo

Tarehe 14 Januari, 2019, ilitiwa saini sheria iliyozitaka idara za serikali kuu ya Marekani kuwa na Afisa Mkuu wa Data, na mkakati wa serikali uliotolewa mwaka huo ukaitaja data kuwa rasilimali ya kimkakati. Maana ya maneno hayo katika muktadha wake ni nzuri: data isiachwe ikazagaa ofisini, ijulikane iko wapi, nani anaitunza, ina usahihi gani, na idara moja isimwulize mwananchi jambo ambalo idara nyingine inalijua tayari. Laiti Tubman angaliishi chini ya kanuni hiyo.

Matumizi ya namna hiyo yana matunda. Mwaka 2011 wizara ilianza kuwaomba askari wa zamani watoe kwa hiari damu yao na habari za afya zao kwa ajili ya utafiti. Mwaka 2023 waliojitolea walifika milioni moja. Neno muhimu hapo ni hiari. Waliombwa, wakakubali, kama mtu anavyokabidhi amana.

Lakini kuna jambo ambalo usemi wa rasilimali hauwezi kulieleza, nalo ni pengo. Rasilimali usiyo nayo haikudai chochote. Askari waliopuliziwa sumu ya kuulia majani huko Vietnam, na wale waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraki na Afghanistan, kwa kawaida hawakuwa na karatasi ya kuonyesha walivuta nini na siku gani. Hakuna aliyepima. Kwa sheria za mwaka 1991 na 2022, Bunge liliamua kwamba aliyekuwa mahali fulani wakati fulani, akapatwa na ugonjwa fulani, achukuliwe kuwa ameupata kazini. Yaani serikali ilikiri kwamba kama haikuandika, hasara ya kutoandika isiwe juu ya askari. Anayekiri hivyo hasemi lugha ya mwenye mtaji. Anasema lugha ya aliyeaminiwa.

Kariakoo

Sasa turudi nyumbani. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza liliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka Afrika Mashariki na nchi za jirani. Kikosi cha wapagazi hao ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, na la Kariokor jijini Nairobi. Hesabu za serikali ya wakati ule zilitaja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, na wanahistoria huiona hesabu hiyo kuwa pungufu. Mishahara ya wengi wao haikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa warithi hawakupatikana. Na warithi hawakupatikana kwa kuwa majina yaliandikwa ovyo, au hayakuandikwa kabisa.

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita hivyo, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Ndiyo kusema kwamba jina la kikosi limebaki, tunalitaja kila tuendapo sokoni. Majina ya watu ndiyo yaliyopotea. Ni ile ile hali ya orodha za vikosi kabla ya kadi za Ainsworth, ila kwetu hakuna aliyekuja na kadi.

Hitimisho

Tunapendekeza nini basi? Hatupendekezi kwamba neno rasilimali liondolewe. Limekwisha kuzoeleka, linatumika katika rasilimali watu na rasilimali za taifa, na linamfundisha mtumishi kwamba jalada si takataka. Katika nyaraka za bajeti na mipango libaki.

Lakini katika nyaraka zinazomwelekeza karani, mwuguzi au mwalimu jinsi ya kushika habari za watu, tunaona inafaa neno amana litumike, au yatumike yote mawili kwa pamoja. Huenda tukaambiwa kwamba amana haitumiki, huwekwa tu mpaka mwenyewe aje, na mwenye kuitumia ni mhaini. Hoja hiyo ina nguvu, lakini lugha imekwisha kuijibu. Tunasema amana za benki, na sote tunajua kwamba benki huitumia fedha iliyowekwa. Haiwi mhaini kwa kuitumia. Itakuwa mhaini siku mwenyewe akija na kuikosa. Data ya askari wa zamani, ya mgonjwa au ya mwanafunzi ni amana ya namna hiyo: itumike, izae, lakini mwenyewe ajulikane, na akija aikute.

Mfasiri hawezi kuzuia moto wala mwizi. Analoweza ni kuchagua neno litakalomfanya mtumishi, kila afunguapo jalada, akumbuke kwamba lina mwenyewe.